Katiba ya Chama cha Hisabati na Mlezi Wake

Tulipokabidhiwa ulezi wa Chama cha Hisabati katika chuo chetu hapa Tabora, tulirithi vitu vitatu: daftari la majina, kisanduku cha bati ambacho ufunguo wake ulikuwa umepotea, na katiba yenye kurasa kumi na moja. Katiba hiyo ilikuwa imepigwa chapa vizuri, tena ilikuwa na ibara 34. Ilitaja Kamati ya Nidhamu, Kamati ya Fedha na Mipango, hata Kamati ya Mambo ya Nje, ijapokuwa chama chenyewe kilikuwa hakijapata kuvuka lango la chuo. Yaonekana mtu fulani, kwa nia njema kabisa, aliichukua katiba ya chama kikubwa, akafuta jina la zamani na kuandika jipya. Nawe msomaji, ukifika shuleni na kuombwa uwe mlezi wa klabu, huenda ukaikuta ndugu yake katiba hii ndani ya kabati.

Twaandika makala haya kwa ajili yenu mnaojiandaa kufundisha shule za msingi. Somo la mbinu za kufundishia husema mengi juu ya zana na maandalio ya somo, lakini husema machache juu ya namna ya kuongoza kikundi cha wanafunzi wanaokutana kwa hiari yao baada ya vipindi. Tutasema zaidi juu ya makosa yetu, maana machache tuliyoyafanya vizuri yalitokana nayo.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza katika mkutano wa kwanza. Katiba ilisema kwamba mkutano hautakuwa halali mpaka theluthi mbili ya wanachama wote wawe wamehudhuria. Daftari lilikuwa na majina 64. Theluthi mbili ya 64 ni 42 na sehemu, na kwa kuwa mtu hawezi kuletwa mkutanoni kwa sehemu, akidi ikawa watu 43. Waliokuwa ukumbini walikuwa 21. Walakini hao 21 ndio wanachama wote waliokuwapo chuoni. 43 waliosalia daftarini walikwisha kuhitimu na kutawanyika katika shule za Nzega, Urambo, Sikonge na kwingineko. Hesabu ya waliokwisha kuondoka ililingana kabisa na ile ya akidi, kana kwamba katiba iliutaka mkutano wa wasiokuwapo. Hapakuwa na kifungu cha kumwondoa mtu orodhani anapohitimu. Na kuibadilisha ibara ile kulihitaji mkutano halali, yaani watu 43.

Tulifanya nini? Tuliitia katiba mtotoni mwa meza, tukaanza kukiongoza chama sisi wenyewe. Na kwa hakika kiliongozeka. Sisi ndio tuliopanga siku, tuliochagua mada, tuliotoa mafumbo, tulioandika ubaoni mambo ya kujadiliwa. Mwenyekiti alifungua mkutano na kuufunga. Katibu aliandika. Kwa mihula miwili mahudhurio yalikuwa mazuri, nasi tulijisifu moyoni kwamba chama kimefufuka. Hatukuona kwamba tulikuwa tumekigeuza kuwa kipindi cha ziada.

Jambo lililotufumbua macho lilikuwa dogo. Chama kilitaka kwenda safari ya siku moja ya mafunzo, na mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza, Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, kupima vyumba na kuta za tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akiwangoja wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. La pili, stesheni ya reli, kujifunza mwendo, muda na umbali mahali ambapo njia ya Kigoma na ile ya Mwanza huachana. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. La tatu, Bwawa la Igombe, kukadiria ujazo wa maji. Sisi tulilipenda Bwawa, kwa sababu tulikuwa na somo la ujazo ambalo tulikwisha kuliandalia michoro.

Kwa kuwa tulikuwa tukifundisha takwimu wiki ile, tuliwaambia wanachama waandike vikaratasini mapendeleo yao kwa mpangilio: la kwanza, la pili, la tatu. Kisha tukapiga kura kwa kuyashindanisha mapendekezo mawili mawili. Kwanza Kwihara na Stesheni. Mshindi akutane na Bwawa. Kwihara iliishinda Stesheni kwa kura 14 kwa 7. Halafu Bwawa likaishinda Kwihara kwa kura 13 kwa 8. Makofi yakapigwa, nasi tukaanza kutafuta gari.

Siku mbili baadaye katibu wa chama, mwanachuo wa mwaka wa pili asiyependa kusema mbele ya watu, alitufuata ofisini akiwa na vikaratasi vile vilivyofungwa kwa uzi. "Mwalimu, shikamoo," akasema, "nimevipanga upya. Naomba uvitazame." Twakusihi nawe uchukue kalamu uhesabu pamoja nasi. Wanachama 8 waliandika Kwihara, Stesheni, Bwawa. Wanachama 7 waliandika Stesheni, Bwawa, Kwihara. Wanachama 6 waliandika Bwawa, Kwihara, Stesheni. Kwihara na Stesheni zikishindana, Kwihara hupata 8 na 6, yaani 14. Bwawa na Kwihara zikishindana, Bwawa hupata 7 na 6, yaani 13. Lakini Stesheni na Bwawa zikishindana, Stesheni hupata 8 na 7, yaani 15, na Bwawa hubaki na 6 tu. Kwa hiyo Kwihara humshinda Stesheni, Stesheni humshinda Bwawa, na Bwawa humshinda Kwihara. Ni duara lisilo na mwisho.

"Tungeanza na Stesheni na Bwawa," katibu akaendelea, "Stesheni ingeshinda, kisha ikashindwa na Kwihara. Tungekwenda Kwihara. Tungeanza na Bwawa na Kwihara, tungekwenda Stesheni. Kila pendekezo lingeweza kushinda, Mwalimu. Aliyechagua si sisi. Aliyechagua ni yule aliyepanga kipi kianze."

Aliyepanga kipi kianze tulikuwa sisi. Yafaa tukiri jambo hili wazi, maana bila kulikiri makala haya hayana kazi. Siku ile hatukuijua hesabu ya duara, kwa hiyo hatukuweza kuchakachua kwa ujuzi. Lakini Bwawa tuliliweka mwisho kwa makusudi, kwa kudhani kwamba linalotajwa mwisho ndilo hubaki masikioni. Nia ilikuwapo, elimu yake tu ndiyo iliyokosekana.

Hesabu hii si ngeni. Mfaransa Condorcet aliiandika mwaka 1785, na mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kwamba mambo yakiwa matatu au zaidi, hakuna utaratibu wa kuunganisha mapendeleo ya watu utakaotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mmoja wetu angeyaona ya haki. Uthibitisho wake hauhitajiki hapa. Kinachohitajika ni kujua kwamba kura peke yake haitoshi. Watu waliompa mwingine haki ya kupanga ajenda wamempa sehemu kubwa ya uamuzi, hata kama wao wenyewe ndio wanaonyoosha mikono.

Tuliitisha mkutano tukayaeleza yote, pamoja na ile nia yetu. Ukumbi ulikaa kimya kwa muda ambao hatukuupenda. Mwanachama mmoja akapendekeza tuhesabu kwa alama, njia inayohusishwa na Borda, Mfaransa wa zama zilezile: chaguo la kwanza alama 2, la pili alama 1, la tatu sifuri. Hesabu ikafanywa ubaoni. Kwihara ikapata 22, Stesheni 22, Bwawa 19. Watu wakacheka, maana hata njia hii ilikataa kutuondolea mzigo. Ndipo wakakubaliana kwamba waliofungana washindanishwe wao kwa wao, na Kwihara ikapita. Mwenyekiti, ambaye mpaka siku ile alikuwa mtu wa kufungua na kufunga, akasema neno ambalo baadaye liliingia katika kanuni zetu: kwamba njia ya kuamua ichaguliwe kabla ya mambo ya kuamuliwa hayajatajwa, kwani mtu akishajua anachokitaka, huipenda njia itakayompa.

Tulikwenda Kwihara kwa miguu, tukipita chini ya miembe ambayo husemwa ilipandwa katika siku za misafara. Tulipima kuta, tukachora ramani kwa kipimo, na adhuhuri tukakaa kivulini. Mazungumzo yalielekea kwenye misafara yenyewe. Tabora, au Kazeh kama wageni walivyoiita wakati ule, ilikuwa njia panda: kutoka pwani ya Bagamoyo watu walifika hapa, kisha wengine wakaelekea Ujiji na wengine Karagwe. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani mpaka kufika mwezi wa Novemba 1857. Hatukusahau, wala ninyi msisahau mtakapolifundisha jambo hili, kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakifanya kazi ya ujira, nao walikuwa na desturi zao za msafara. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu na kilo 32. Posho ilipimwa kwa kibaba, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Nazo zilikuwa hesabu ambazo kila mpagazi aliweza kuzikagua kwa bega lake na kwa tumbo lake.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, mwenye bendera. Burton ameandika desturi moja iliyowapendeza sana wanachuo. Mtu yeyote aliyemtangulia kirangozi njiani alichomolewa mshale mmoja katika podo lake. Mshale ule ulimtambulisha msafara ulipofika kituoni, isipokuwa mwenyewe ameukomboa kwa zawadi ndogo. Angalieni uzuri wa kanuni hii. Kosa lajulikana na kila mtu. Adhabu ni ndogo. Ushahidi wake hauna ubishi. Na mwenye kosa ana njia ya kujikomboa siku ileile. Katiba yetu ya kurasa kumi na moja ilikuwa na ibara sita za nidhamu, na hakuna hata moja iliyokuwa na sifa hizo nne.

Hapo chini ya mwembe ndipo lilipoanza wazo la kuandika upya. Tulishauriana kwamba tusianze na katiba ya mtu yeyote, bali na ugomvi na mikwamo ambayo kweli imetupata. Lile jambo la akidi liliandikwa hivi: mwanachama ni yule aliyetia sahihi daftarini muhula huu, na daftari hufungwa muhula unapokwisha. Akidi ni zaidi ya nusu ya walio daftarini. Usidhani kwamba maneno haya yalipatikana kwa urahisi. Wengine walitaka "nusu au zaidi", wengine "zaidi ya nusu", na ilichukua karibu saa nzima kuonyesha kwamba kwa watu 21 kauli zote mbili hudai watu 11, lakini kwa watu 22 ya kwanza hudai 11 na ya pili 12. Hatujapata kufundisha sehemu na namba nzima kwa mafanikio kama ya siku hiyo. Ukiwa na darasa la tano, wape mkasa huu, uwaulize akidi ya watoto 17, 18 na 19 kwa kila kauli. Utaona mikono itakavyonyooshwa.

Juu ya fedha tulisema machache. Hapakuwa na mwizi katika chama chetu. Palikuwa na mtu aliyenunua karatasi za manila na gundi bila kudai stakabadhi, kisha akashindwa kukumbuka. Tulikata kufuli, tukaweka jipya lenye funguo kwa watu wawili, na daftari la mapato na matumizi husomwa kwa sauti mwanzo wa kila mkutano. Yatosha.

Juu ya uongozi palitokea mjadala ambao hatukuutazamia. Katibu wetu alionyesha kwamba katika daftari la zamani makatibu wote walikuwa wanawake na wenyeviti wote wanaume, ingawa hakuna ibara iliyosema hivyo. Baadhi ya wanaume walijitetea kwamba wanawake huandika kwa hati nzuri. Swali likaulizwa kama basi hati mbaya ndiyo sifa ya mwenyekiti, na mjadala ukakaribia kuharibika. Mwishowe waliweka kanuni kwamba nafasi zote tatu hubadilishwa kila muhula, na hakuna mtu atakayeshika nafasi ileile mara mbili. Sisi hatukuamini kwamba wataiweza. Wameiweza, isipokuwa muhula mmoja ambapo mweka hazina aliugua na yule wa zamani akamshikia kazi.

Kisha ikaja zamu ya mlezi. Tulitoka nje kwa ombi la mwenyekiti, tukakaa barazani kama watu wanaosubiri hukumu. Tuliporudi tuliambiwa hivi: mlezi hana kura. Mlezi hapangi ajenda; ajenda hubandikwa siku tatu kabla, na mwanachama yeyote aweza kuongeza jambo. Mlezi anaweza kusema juu ya hoja baada ya wanachama watatu kuwa wamekwisha kusema. Anaweza kuzuia uamuzi unaovunja sheria za chuo au kuhatarisha usalama wa watu, ila sharti aandike sababu, nayo ibandikwe ubaoni. Hatukuwa na la kupinga. Kusema kweli lile la watu watatu liliuma kuliko la kura, maana mkufunzi amezoea kusema kwanza, na akishasema kwanza, wengine husema kile alichokisema.

Nayo kanuni ya mshale ikaingia, kwa umbo lake jipya. Katika kila chama cha hisabati wapo wawili au watatu wenye akili nyepesi ambao huropoka jibu kabla wenzao hawajamaliza kulisoma fumbo. Wengine huweka kalamu chini, na baada ya mikutano michache hawaji tena. Kanuni yetu yasema: anayetoa jibu kabla mwenyekiti hajaliita, kalamu yake huchukuliwa na katibu, naye hurudishiwa mwisho wa mkutano akileta fumbo jipya alilolitunga mwenyewe pamoja na jibu lake. Kalamu ya kwanza kuchukuliwa ilikuwa yetu. Tulitunga fumbo la msafara wenye wapagazi 60, pishi 300 za nafaka, na kibaba kimoja kwa mtu kwa siku. Pishi moja ina vibaba vinne, hivyo posho hudumu siku 20. Likakataliwa kwamba ni rahisi mno, ikatubidi tuongeze wapagazi 15 wanaojiunga siku ya sita.

Katiba hiyo mpya iliandikwa upande mmoja wa karatasi. Kuibadilisha kwahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria mkutano wenye akidi, na hoja iwe imebandikwa wiki moja kabla. Wanaotaka kuiona karatasi yenyewe waweza, lakini twawaonya wasiinakili. Chama cha Hisabati Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1966, kinahitaji kanuni za chama cha taifa. Wanachuo wa chuo kikuu wanahitaji za kwao, maana wana fedha nyingi zaidi na wamesajiliwa. Na watoto kumi na wanane wa darasa la nne huko Uyui wanahitaji tatu au nne za kwao, pengine bila kuziandika kabla mwezi wa kwanza haujapita. Jihadharini tu na kiranja wa darasa. Ukimwachia mtoto uenyekiti kwa sababu tayari ni kiranja, utakuwa umehamisha fimbo kutoka darasani hadi klabuni. Na watoto wakipewa nafasi ya kutunga adhabu huwa wakali kupita watu wazima: tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tuliikuta klabu moja ambayo ilikuwa imepitisha kwamba anayechelewa asipewe fumbo wiki mbili. Mwalimu aliuliza tu kama msafara ungemnyima mpagazi posho ya wiki mbili kisha ukamtaka aubebe mzigo. Wakajadiliana upya wao wenyewe.

Huenda mmoja wenu akauliza kama chama kinachojitawala hivi huamua vema siku zote. Muhula uliopita, mitihani ya mwisho ikikaribia, ilibandikwa hoja kwamba chama kisitumike kwa marudio ya mtihani, bali kiendelee na mafumbo na michezo ya hisabati kama kawaida. Sisi tulikuwa na maoni makali juu ya jambo hilo. Matokeo ya hisabati ya chuo hutazamwa na watu wengi, na jina la mkufunzi humo hutazamwa kwanza. Tulingoja wasemaji watatu, kisha tukasema, tena kwa urefu, tukitaja silabasi na siku zilizosalia. Walitusikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja nyingine, hapakuwa na nyingine, kura zikapigwa kwa siri: 11 kwa 8, mafumbo yaendelee. Tulifikiri juu ya kile kifungu cha kuzuia, tukaona hapana sheria ya chuo iliyovunjwa wala usalama uliohatarishwa, bali fahari yetu tu.

Katibu mpya, kijana mwenye hati mbaya kweli, akaandika uamuzi na kuusoma. Jumatano iliyofuata tulikwenda kama kawaida, tukakaa nyuma. Matokeo ya mtihani huo, tunapoandika, bado hayajatoka.